Safu Isiyokuwapo: Tahakiki ya Nafasi ya Lugha katika Tafiti za Karibuni za Nchelenge na Ufuko wa Ziwa Mweru

IKISIRI

Wilaya ya Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, imetafitiwa sana katika miongo miwili iliyopita. Malaria, mbu, wajawazito, uvuvi na elimu ya watoto wa eneo hilo vimeandikiwa kazi nyingi zenye ubora wa juu. Makala hii inahakiki baadhi ya kazi hizo kwa swali moja: je, lugha ambayo kwayo data zilipatikana inahesabiwa kuwa sehemu ya matokeo? Inadaiwa kuwa lugha imechukuliwa kama chombo cha kubebea data na kisha kusahauliwa, ilhali eneo lenyewe lina Kibemba, Kiingereza, Kiswahili cha Katanga na lugha nyingine za pande mbili za ziwa. Makala inaonyesha kwa mifano ya maneno jinsi jibu sahihi linavyoweza kuandikwa kinyume. Inapima pingamizi zinazoweza kutolewa dhidi ya hoja hiyo, na inapendekeza hatua chache zisizo na gharama kubwa kwa watafiti, kwa washauri wa sera na kwa wanataaluma wa Kiswahili wenyewe.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anaposikia jina Kilwa, mawazo yake huenda pwani ya Tanzania. Ziwa Mweru nalo lina Kilwa zake: kisiwa kilicho upande wa Zambia, na mji ulio ng'ambo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula huingia kusini, na mto Luvua hutoka kaskazini karibu na Pweto. Mpaka wa nchi mbili unapita majini, mahali ambapo mtumbwi hauoni mstari wowote.

Kiswahili si mgeni katika ukanda huu. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamefika kwa Mwata Kazembe kabla David Livingstone hajawasili huko mwaka 1867, na tawasifu ya Tippu Tip, iliyoandikwa kwa Kiswahili, inasimulia vita vyake dhidi ya Nsama katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Baadaye Katanga ya kikoloni ilikuza Kiswahili chake kama lugha ya kazi na ya mjini, jambo ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha 1986. Upande wa Zambia, Kibemba ndicho lugha ya mkoa, sokoni na darasani, huku Kiingereza kikiwa lugha ya serikali. Tangu mwaka 2017, maelfu ya Wakongo waliokimbia machafuko ya Haut-Katanga na Tanganyika wamevuka mpaka. Wengi walipokewa katika kituo cha Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa ndani ya wilaya ya Nchelenge.

Kwa hiyo mtafiti anayebisha hodi kwenye nyumba ya Nchelenge anaingia mahali penye lugha zaidi ya moja, hata kama hojaji aliyoshika ina lugha moja tu. Tahakiki hii inahusu kile kinachotokea kati ya hodi hiyo na jedwali la matokeo.

2.0 Upeo wa Tahakiki

Kazi zinazozungumziwa hapa ni za aina nne: tafiti za udhibiti wa mbu na malaria, majaribio ya dawa kwa wajawazito, tafiti za uvuvi, na mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Zambia. Hatudai kuwa tumepitia kila kilichochapishwa. Tumechagua kazi ambazo zimeathiri au zinaweza kuathiri sera, kwa sababu ndizo ambazo udhaifu wake huwafikia watu majumbani mwao.

Ieleweke pia kwamba tahakiki hii haitilii shaka uaminifu wa watafiti wala umahiri wao wa takwimu. Kinyume chake, ni ubora wa kazi hizi unaofanya pengo tunalolizungumzia lionekane. Kazi dhaifu ina mapengo mengi, na moja zaidi halishangazi. Katika kazi iliyopima umbali wa nyumba hadi kijito, aina ya paa na idadi ya vyandarua, kukosekana kwa kipimo cha lugha kunahitaji kuelezwa.

3.0 Ukuta, Dawa na Maelekezo

Mwaka 2014, Victor Mukonka na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha kwamba mzigo wa malaria Nchelenge ulibaki mkubwa hata baada ya hatua za udhibiti kupanuliwa. Matokeo hayo yalikuwa na uzito kwa sababu yalivunja matumaini ya wakati huo: vyandarua vilikuwa vimegawiwa, dawa mseto zilikuwepo, na bado ugonjwa haukurudi nyuma. Tafiti za wadudu zilisaidia kueleza kwa nini. Mbu mkuu wa eneo hili ni Anopheles funestus, naye amejenga usugu dhidi ya pairethroidi, kundi la viuatilifu lililokuwa likitumika katika vyandarua.

Kuanzia 2014 upuliziaji wa dawa ukoko ndani ya nyumba ulihamia kwenye pirimifosi-methili, na nyumba zililengwa kwa kutumia ramani. Kituo cha kimataifa cha ubingwa katika utafiti wa malaria kwa kusini na kati ya Afrika, kinachoshirikisha Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilifuatilia matokeo. Nyumba zilihesabiwa kwa picha za setilaiti, eneo likagawanywa katika miraba, na kaya zikateuliwa kwa nasibu. Tathmini ya miaka mitatu iliyochapishwa 2019 ilikuta kwamba maambukizi yalipungua kwa takriban robo katika msimu wa mvua ndani ya maeneo yaliyopuliziwa, lakini nafuu hiyo haikuonekana katika kiangazi.

Hapa uhandisi, ikolojia ya wadudu na tiba vimefanya kazi pamoja kwa namna ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, dawa ukoko haifanyi kazi kwa kemia peke yake. Mwenye nyumba huelekezwa kutoa vyombo nje, kufunika chakula, kukaa nje kwa muda uliowekwa na, muhimu zaidi, kutokandika ukuta kwa udongo mpya baada ya kupuliziwa, kwa kuwa udongo utaifunika dawa. Maelekezo hayo ni maneno. Kaya isiyoyaelewa vizuri itahesabiwa katika kundi la waliopuliziwa, huku ukuta wake ukiwa hauna tena kinga. Katika jedwali, kaya hiyo itafanya dawa ionekane dhaifu kuliko ilivyo.

Je, kaya za namna hiyo zilikuwa nyingi au chache? Huenda zilikuwa chache sana. Lakini majedwali makuu ya matokeo hayana safu ya lugha, na bila safu hiyo swali haliwezi hata kuulizwa kwa takwimu. Aina ya paa ina safu. Umri una safu. Lugha aliyoelekezwa nayo mwenye nyumba haina.

Hali ni hiyo hiyo katika utafiti mwingine wa 2019, ambapo wakazi walibeba vifaa vidogo vya GPS kwa takribani mwezi mmoja ili mienendo yao ijulikane. Ni utafiti wenye ubunifu: unamfuata mtu kutoka ufukoni hadi shambani na kurudi. Lakini kifaa kinaweza kusema kwamba mtu alikuwa mahali fulani saa mbili usiku, kisiseme alikwenda kwa nani, kwa shughuli gani, wala ni ujumbe gani wa afya ungeweza kumfikia huko. Kwa mshauri wa sera, swali la pili ndilo linaloamua kama bango libandikwe, kwa lugha gani, na katika bandari ipi.

4.0 Data Zinazotoka Kinywani

Hoja yetu ina uzito zaidi katika majaribio ya dawa. Machi 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililolinganisha dawa mseto nne za malaria kwa wajawazito 3,428 katika nchi za Burkina Faso, Ghana, Malawi na Zambia, na kwa Zambia kazi ilifanyika Nchelenge. Dawa zote nne zilitibu vizuri. Dihidroatemisinini-piperakwini ilikuwa na ufanisi wa juu zaidi, na atemetha-lumefantrini ilikuwa na maudhi machache zaidi. Matokeo haya yamewafaa wajawazito wengi mbali na Ziwa Mweru.

Tuangalie sasa yalivyopatikana. Nusu ya kwanza ya hitimisho, yaani ufanisi, inatoka kwenye damu: vimelea vimeonekana au havikuonekana chini ya hadubini. Nusu ya pili, yaani usalama, kwa kiasi kikubwa inatoka kinywani mwa mwanamke. Maudhi yaliyotofautisha dawa hizi ni pamoja na uchovu, kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Hadubini haioni kizunguzungu. Kinakuwa data pale tu mtu mmoja anapokitaja na mwingine anapokiandika.

Maneno ya mgonjwa katika ufuko huu yana mitego yake. Kibemba na Kiswahili ni lugha za Kibantu zenye maneno mengi yanayofanana umbo, na mfanano huo humpa msikilizaji imani kwamba ameelewa. Mifano mitatu inatosha.

Kwanza ni kitenzi cha kupona. Kwa Kiswahili, aliyepona amerudi katika afya. Kwa Kibemba, ukupona ni kuanguka, na kitenzi cha kupata nafuu ni ukupola. Mama anayesema kwa Kibemba kwamba mtoto wake alianguka anaweza kusikiwa na sikio la Kiswahili kuwa anatoa habari njema. Mama Mkongo anayesema kwa Kiswahili kwamba amepona anaweza kusikiwa na karani Mbemba kuwa ameanguka, na kwa mjamzito aliyemeza dawa mpya, kuanguka ni tukio la kuandikwa kwa wino mwekundu.

Pili ni neno impepo. Kwa Kibemba ni baridi, na ndilo hutumika pia kwa homa ya kutetemeka. Kiswahili sanifu kina pepo na upepo, na Kiswahili cha Katanga kina mupepo kwa maana ya upepo. Mtu anayeulizwa kama mtoto wake alikuwa na impepo wiki mbili zilizopita anaweza kujibu juu ya hali ya hewa, au juu ya jambo ambalo mganga, si muuguzi, ndiye wa kulishughulikia.

Tatu ni umuti. Kwa Kibemba neno moja hubeba mti na dawa, na dawa hiyo inaweza kuwa ya hospitali, ya kienyeji au ya kuua wadudu. Kiswahili kimetenganisha mti na dawa. Swali la kama mgonjwa alitumia umuti wowote kabla ya kufika kliniki huwa na upana tofauti kulingana na sikio linalolipokea, na ni swali ambalo kila jaribio la dawa hulitegemea ili kujua mgonjwa alifika akiwa na nini mwilini.

Mifano hii haithibitishi kwamba kosa lolote lilitokea katika jaribio la 2016. Wauguzi wa Nchelenge ni watu wa huko, na wanajua lugha za huko. Inathibitisha jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba kosa linawezekana, kwamba likitokea halitaacha alama, na kwamba msomaji wa jedwali la mwisho hana njia ya kuligundua. Kwa damu, watafiti huweka msomaji wa pili wa slaidi ili kulinda ukweli. Kwa maneno, ulinzi unaolingana na huo ungekuwa kuandika lugha ya mahojiano na kutaja kama mkalimani alihitajika.

5.0 Miezi Mitatu, Taaluma Tatu

Pengo la pili linatokana na la kwanza: taaluma zinazotafiti kaya ileile mara chache huzungumza. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika ziwa hili ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo familia nyingi za wavuvi huelekea mashambani, bara. Ni miezi hiyohiyo ya mvua ambayo wadudu na vimelea hupimwa kwa makini. Na Januari ndiyo mwanzo wa mwaka wa shule.

Watafiti wa uvuvi wamekuwa na mjadala wao wenye kina. David Gordon, katika kitabu chake cha 2006 juu ya historia ya Mweru na Luapula, anaonyesha jinsi umiliki, biashara na utawala vilivyobadilisha uvuvi, ikiwemo kuporomoka kwa mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa. Jopo la Eyolf Jul-Larsen, Jeppe Kolding na wenzao, katika chapisho la FAO la 2003, lilihoji dhana kwamba kila upungufu wa samaki ni kosa la mvuvi, likionyesha uzito wa kupanda na kushuka kwa maji. Hoja hizi zinagusa sheria ya ufungaji moja kwa moja. Lakini mvuvi anayeambiwa aache nyavu kwa miezi mitatu hapewi hoja, anapewa katazo. Naye anaona mtumbwi wa jirani yake wa ng'ambo, aliye chini ya sheria ya nchi nyingine, na ambaye wakikutana majini wanaelewana.

Mtaalamu wa malaria huita kuhama huku mwenendo wa idadi ya watu. Mtaalamu wa uvuvi hukiita kipindi cha ufungaji. Mwalimu hukiita utoro. Kwa familia, ni safari moja yenye sababu moja. Kila taaluma ina istilahi yake ya Kiingereza, na kwa kuwa hakuna anayelazimika kumweleza mwenye familia matokeo kwa lugha yake, hakuna anayegundua kwamba wote watatu wanasema jambo lilelile.

6.0 Mtoto wa Mantapala

Sera ya lugha ya kufundishia nchini Zambia imepita njia ndefu. Mwaka 1966 Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mpango wa kumfundisha mtoto kusoma kwanza kwa lugha ya Kizambia, na mtaala wa 2013 ukaweka lugha hizo kuwa za kufundishia hadi darasa la nne. Lugha saba zina hadhi hiyo, na kwa Luapula lugha ni Kibemba. Wanaisimu wa Zambia, tangu kazi za Mubanga Kashoki katika miaka ya 1970, wamekumbusha kwamba Kibemba cha kitabuni si lazima kiwe kile anachokuja nacho mtoto. Hilo ni kweli pia Nchelenge, ambako Kibemba cha Walunda wa Kazembe na cha Washila kina rangi yake.

Mjadala huo mzuri una mpaka wake: unamchukulia mtoto kuwa mtoto wa Zambia. Mtoto wa Mantapala anafuata mtaala wa Zambia, na hilo ni jambo la haki, kwa kuwa linampa cheti kinachotambulika nchini alikokimbilia. Lakini huenda alianza shule kwao katika mfumo wa Kifaransa, akiwa na Kiswahili kama lugha ya taifa ya eneo lake. Akifanya vibaya katika mtihani wa kusoma Kibemba, matokeo yataingia katika takwimu za wilaya kama udhaifu wa kusoma. Je, hajui kusoma, au hajui Kibemba? Mwalimu atajua jibu ndani ya wiki moja. Takwimu hazitajua kamwe, kwa sababu hapa pia safu haipo.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba tunakikuza Kiswahili kupita kiasi. Wengi wa waliovuka kutoka Pweto na Moba wanazungumza Kitabwa, Kibwile, Kiluba au Kibemba chenyewe, na si wote wanaohitaji Kiswahili ili kueleweka. Pingamizi hili ni la kweli, na tunalikubali. Kwa hakika linaimarisha hoja yetu: hatujui ni nani anahitaji lugha gani kwa sababu hatujauliza. Tunachoomba ni kuuliza, hata kama jibu litaipa Kiswahili nafasi ndogo kuliko tunayoitamani sisi wapenzi wake.

Pingamizi la pili ni gharama. Kutafsiri hojaji, kuijaribu na kuirudisha katika lugha ya awali ili kulinganisha ni kazi ya wiki kadhaa. Lakini kuandika lugha ya mahojiano ni kisanduku kimoja katika fomu. Utafiti unaoweza kununua picha za setilaiti unaweza kumudu kisanduku.

Pingamizi la tatu linaelekezwa kwetu, nalo ndilo gumu zaidi. Tumeshangilia SADC ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi Agosti 2019, na Umoja wa Afrika ulipokipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Mtafiti wa Nchelenge akitujia kesho akiomba orodha iliyojaribiwa ya istilahi za maudhi ya dawa kwa Kiswahili kinachosemwa Kilwa ya Mweru, tutampa nini? Tukimpa kamusi sanifu, tutakuwa tumempa lugha ya Dar es Salaam kwa mgonjwa wa Pweto. Makongamano yetu yamekizungumzia sana Kiswahili cha majukwaa, na kwa kiasi kidogo mno kile cha foleni ya kliniki ya mpakani.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tafiti za Nchelenge zimefanya kazi kubwa, na ushauri wetu ni kuziongezea kile kilichokosekana. Kwanza, kila fomu ya utafiti katika maeneo ya mpakani iwe na sehemu ya lugha ya nyumbani, lugha ya mahojiano na matumizi ya mkalimani, na kamati za maadili ziidai kama zinavyodai fomu ya ridhaa. Ridhaa iliyotolewa kwa lugha ambayo mtu anaielewa nusu ni nusu ya ridhaa. Pili, watafiti na wanaisimu waandae pamoja orodha fupi ya maneno yanayopotosha kati ya Kibemba na Kiswahili cha Katanga, ikianza na dalili za ugonjwa. Tatu, tathmini za kusoma katika shule zinazopokea wakimbizi zitenganishe stadi ya kusoma na ujuzi wa lugha ya mtihani. Nne, mamlaka za afya, uvuvi na elimu za wilaya ziwe na kalenda moja kwa miezi ya Desemba hadi Februari. Tano, muhtasari wa matokeo urudishwe kwa waliotoa damu na maneno yao, ukisomwa kwa sauti kliniki na bandarini kwa lugha zinazoeleweka huko.

Hakuna kati ya haya linalohitaji teknolojia mpya. Mwanamke aliyekubali kumeza dawa ambayo bado ilikuwa ikijaribiwa alitupa vitu viwili, tone la damu na maelezo ya alivyojisikia. Tone limehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, likiwa na namba, tarehe na msomaji wa pili. Maelezo yake nayo yanastahili walau kuandikiwa yalitolewa kwa lugha gani.